Kijiwe cha watu sita na mama wa dagaa: uchambuzi wa kisa cha wizi na ajira kwenye mwalo mmoja wa Mwanza

Kisa hiki kimetoka kwenye kazi ya kusimamia watu wanaotumikia adhabu zao nje ya gereza mkoani Mwanza. Mtaa, mwalo (ufukwe ambako mitumbwi hushusha samaki) na mahakama havitajwi, na baadhi ya mambo ya umri na familia yamebadilishwa. Kijana mwenyewe nimempa herufi J. Nimewaandikia maafisa wenzangu, wenyeviti wa mitaa na wanaolea vikundi vya vijana. Mara nyingi tunaandika "makundi mabaya" kwenye taarifa zetu, tunaweka nukta, tunaona tumemaliza. Maneno hayo hayasemi kundi humfanyia nini mtu siku aliyolala njaa, wala habari zipi hupita ndani yake na zipi hazifiki.

Usuli: mwalo, mwezi na kijiwe

J ana miaka ishirini na kidogo. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakumfikisha popote. Anaishi na mama yake, muuza vitumbua, katika vyumba viwili vya kupanga kwenye mojawapo ya mitaa iliyopanda mawe juu ya ziwa. Tangu akiwa shule alikuwa akishuka mwaloni alfajiri kubeba dagaa. Mtumbwi ukifunga, makuli wanapokea ndoo na kuzipeleka kwa akina mama wanaoanika, au moja kwa moja kwenye magari. Malipo ni kwa ndoo, na ni ya siku hiyohiyo.

Kazi ya dagaa inafuata mwezi wa mbinguni. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa zinazowavuta juu, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mbalamwezi ikitawala, taa hazifui dafu na mitumbwi inapandishwa ufukweni. Basi kwa siku kadhaa katika kila mzunguko mwalo mzima unasinzia: mabaharia wanarudi makwao, matajiri, yaani wenye mitumbwi, wanashona nyavu, injini zinafunguliwa na kuwekwa stoo. Kuli anakaa bila senti. Matokeo yake, siku ambazo vijana wengi wa mwalo ule hawana kitu kabisa mfukoni ndizo siku ambazo mali nyingi kuliko wakati wowote imelala kwenye banda la mabati, na mlinzi ni mmoja. Sijaona mtu akiandika hili kwenye taarifa ya wizi wa mwaloni, na nadhani tungeanzia hapo.

Kijiwe cha J kilikuwa na watu sita, kando ya kibanda cha kuchajia simu. Wote ni wa mtaa mmoja, wamesoma shule moja, wamecheza timu moja ya ndondo. Anayekifikiria kama genge atakielewa vibaya. Aliyepata alinunua ugali na dagaa wakala wote. Baba yake J alipofariki, watano wale ndio waliochimba kaburi, na mmoja wao aliuza simu yake ili jeneza lifike. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na wao walimfaa kweli.

Kwa muda mrefu mmoja wa sita alikuwa na kazi inayoeleweka. Alikuwa saidia fundi kwenye ujenzi wa Daraja la Kigongo–Busisi, lile la takriban kilometa 3 lililofunguliwa Juni 2025. Wiki nzima alilala Kigongo, Jumamosi jioni yuko kijiweni. Alikuwa akirudi na mshahara, lakini pia na maneno: wiki ijayo wanataka watu wa kufunga nondo, kuna mkandarasi mdogo anatafuta wa kupakua saruji. Kwa maneno hayo wawili wa kijiwe walipata vibarua vya wiki mbili tatu, na J mwenyewe aliwahi kwenda mara moja. Lakini daraja halimalizi watu wote siku moja. Wa zege huondoka mapema, muda mrefu kabla ya utepe kukatwa. Jamaa akarudi mtaani moja kwa moja, na kuanzia siku hiyo hakuna hata mmoja kati ya sita aliyekuwa anaamka kwenda mahali ambapo ajira hutajwa.

Upande mwingine, viwanda vya minofu ya sangara, ambavyo vizazi vilivyotangulia vya mtaa ule viliviona kama mlango wa uhakika, vilikuwa vimepunguza watu kadiri sangara walivyopungua ziwani.

Ilivyotokea

Ilianza kwa petroli. Mmoja wa kijiwe alikuwa akipewa dumu la kupeleka mtumbwini, njiani anapunguza lita moja au mbili na kumuuzia dereva wa bodaboda. J alijua. Alikunywa soda ya hela hiyo na hakuona kama ni wizi. Mwaloni watu huita "kujiongeza".

Kisha mjomba wa mmoja wao, mwenye duka la vipuri katika mkoa mwingine, akauliza kwa simu kama Mwanza kunapatikana kabureta za injini za boti zilizotumika. Aliuliza kama mtu anavyouliza bei ya nyanya. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba alijua zitatoka wapi.

Jinsi kazi ile ilivyopata watu wake ndipo penye somo. Mwenye mjomba alimjua mnunuzi. Yule aliyewahi kukaa kwa fundi injini miezi michache alijua boliti zipi zifunguliwe na kwa spana namba ngapi. Wa bodaboda aliletwa na wa petroli. J alikuwa na mambo mawili: alibeba vitu kuingiza stoo kwa hiyo alijua mlinzi anakwenda kunywa chai saa ngapi, na chumba chao kilikuwa kitupu kuanzia saa kumi alfajiri mama yake anapokwenda kukaanga vitumbua. Kila mmoja aliingia kwa neno la mwenzake, na hakuna aliyeuliza anaaminika au haaminiki, maana walishaaminiana kitambo. Nafasi nne zilijazwa jioni moja, kijiweni, katika siku za mbalamwezi.

Mara ya kwanza ikapita. J aliahidiwa Sh 30,000 za kuhifadhi, akapewa 10,000. Mara ya pili tajiri mmoja aliwahi kurudi kutoka Ukerewe, akakuta injini yake ya nguvu farasi 15 imenyofolewa. Kikundi cha BMU, yaani cha wanajamii wanaosimamia uvuvi na ulinzi wa mwalo, na mgambo wakapita nyumba kwa nyumba. Chini ya kitanda cha J zikatoka kabureta mbili na propela moja.

Watu walikuwa wameshashika mawe. Mwenyekiti wa mtaa alimwingiza ofisini, akafunga mlango, akaketi nje yake kwenye kiti mpaka polisi walipofika. Siku nyingine tunawasema sana viongozi wa mitaa. Huyu aliokoa roho ya mtu kwa kiti cha plastiki.

J alikiri. Mwenzake mmoja alishitakiwa naye, akapewa kifungo kwa sababu alikuwa na kosa la nyuma. Wa spana alivuka kwenda visiwani. Mjomba wa vipuri hakuguswa.

Maswali matatu

Mahakama iliomba taarifa ya uchunguzi wa kijamii kabla ya kutoa adhabu. Pamoja na maswali ya kawaida ya familia na elimu, nilimuuliza J mambo matatu, akanitajia majina na mimi nikayaandika kwenye karatasi.

La kwanza: leo ukikwama, nani atakukopesha Sh 20,000? Alitaja watatu wa kijiwe na mama yake.

La pili: kukitokea kazi mahali, nani atakuambia? Alitaja watatu walewale wa kijiwe, akaongeza wa daraja, kisha akacheka mwenyewe. "Lakini na yeye si yupo tu, afisa."

La tatu lilimchukua muda: nani umeongea naye mwaka huu, anakujua kwa jina, lakini humwoni kila wiki? Mwanzoni alisema hakuna. Tukaenda polepole, mwezi baada ya mwezi, msiba baada ya msiba. Karatasi ikajaa: mwalimu wake wa zamani anayemkuta kanisani Pasaka na Krismasi, dereva wa lori la dagaa aliyewahi kumsaidia kubadili tairi, fundi anayechomelea mageti barabarani, binamu wa mama aliye Sengerema, na mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa anayekuja mwaloni katika siku za giza kununua mzigo wa kupeleka nje ya mkoa. Huyu mama alikuwa akimchagua J abebe ndoo zake kwa sababu, kwa maneno ya J, "sikumwagi".

Orodha ya kwanza na ya pili zilikuwa karibu ni moja. Ya tatu haikuwa na jina hata moja kutoka kwenye hizo mbili, na karibu kila aliyetajwa humo alikuwa kazini siku tunaongea.

Maamuzi yaliyofanywa, na kwa nini

Taarifa ilipendekeza huduma kwa jamii badala ya kifungo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu hilo kwa adhabu isiyozidi miaka mitatu, na J alikuwa mkosaji wa mara ya kwanza. Hoja niliyoisisitiza haikuwa ya huruma. Gerezani angeingia kwenye kijiwe kikubwa zaidi, cha watu wanaoonana saa zote, ambako habari za kazi hazifiki na habari za wizi hazikosi. Mahakama ilikubali, miezi sita.

Pili, mahali pa kutumikia. Ilikuwa rahisi kumweka kwenye zahanati ya mtaani kwao, anapoonekana na kila mtu. Tulimpeleka shule ya msingi ya mtaa mwingine, umbali wa kutembea, akafagia, akatengeneza madawati, akasaidia fundi aliyekuwa akikarabati paa. Sababu ni ile karatasi ya tatu: tulitaka kila siku aonane na watu ambao kijiwe hakiwajui.

Uamuzi wa tatu ulileta ubishi ofisini. Wapo waliotaka apigwe marufuku kuonana na wenzake. Nilikataa. Kuli mwaloni anapangiwa zamu na wenzake. Ukimkataza kijiwe umemkatia na ndoo. Halafu ni amri isiyosimamika, kwa sababu wanaishi nyumba zinazotazamana na choo wanachangia. Kijana akishavunja amri moja ya ofisi bila kuonekana, zinazobaki hazina uzito tena. Tulichomwambia ni kwamba asihifadhi kitu cha mtu yeyote chumbani, hata jaketi. Hilo mama yake aliweza kulikagua.

Uamuzi wa nne ndio mkubwa, na haukuwa wetu peke yetu. Nilimfuata yule mama wa dagaa katika siku za giza, akiwa kwenye kelele za kupima mzigo. Sikumwomba ajira. Nilimuuliza kama katika safari zake kuna mtu anamfahamu anayetafuta kijana. Akanijibu bila kuinua macho kwenye daftari: "Yupo shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ana vizimba vya sato. Kila siku analia hana watu." Vizimba ni nyavu zilizofungwa ziwani za kufugia samaki. Kisha akaniuliza ni kijana gani. Nilipomtaja, akafunga daftari.

"Kumbebesha ndoo, nambebesha mtu yeyote. Kwa shemeji yangu pale ni nyumbani. Akiiba, atakayesemwa kwenye kikao cha ukoo ni mimi."

Kazi ilikuwepo na habari yake ilipatikana kwa dakika moja. Kilichokuwa adimu ni jina la mama huyu. Wiki kadhaa zilipita. J aliendelea kubeba ndoo zake asubuhi kabla ya kwenda shuleni, na mama akawa anamtazama.

Mwishowe mama mwenyewe ndiye aliyeleta njia. Yeye ni mwanachama wa kikoba cha wanawake wafanyabiashara, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, chenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Alipendekeza J aingizwe, awe ananunua hisa kila wiki kwa hela ya ndoo. Akishakuwa na hisa za kutosha ndipo atampeleka kwa shemeji, kwa makubaliano yaliyoandikwa daftarini mbele ya katibu: J akisababisha hasara, hisa zake zinaliwa kwanza, kisha za mama. Akina mama walibishana vikao viwili. Mmoja alisema wazi kwamba wanakaribisha mwizi kwenye sanduku. Walipiga kura, akakubaliwa kwa tofauti ndogo.

Masharti ya mwenye vizimba yalikuwa mafupi. Malipo kwa wiki. Petroli ya boti ipimwe asubuhi na jioni na kuandikwa, iwe amekwenda J au mtu mwingine yeyote. Mwezi wa kwanza asilale kwenye jukwaa la ulinzi. Hilo la petroli nalipongeza hasa kwa sababu liliwahusu wafanyakazi wote. J hakuwa mtu pekee anayepimwa.

Matokeo

J alianza kama mlishaji. Kazi yenyewe inataka jicho: chakula cha sato wa vizimba kinaelea, na mlishaji hutupa kidogo kidogo akitazama kama samaki wanapanda. Akitupa kwa haraka kinazagaa, na chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote kwenye ufugaji huo. Alikuwa na mkono mzuri. Baada ya muda akapewa na boti, kwa sababu zile siku za kumtazama mwenzake wa spana zilikuwa zimemwachia ujuzi wa injini. Alimaliza miezi sita ya huduma akiwa tayari ana kazi ya mchana, na alivusha samaki mpaka mavuno, ambayo kwa sato huchukua takriban miezi 6 hadi 8 tangu vifaranga waingizwe.

Kama kisa kingeishia hapo nisingekiandika.

Mavuno yalipokaribia, msimamizi wa vizimba alihitaji mtu mwingine haraka. Akamuuliza J, naye akamtaja mmoja wa kijiwe. "Ni ndugu yangu," alisema. Jamaa akaja kesho yake. Mwenye vizimba alidhani mama wa dagaa anajua. Mama wa dagaa hakuambiwa na mtu. Kikoba hakikuambiwa. Sisi tulikuwa tumeshafunga jalada.

Wiki chache baadaye mifuko minne ya chakula cha samaki haikuonekana stoo. Ilipelekwa kwa mfugaji mdogo upande wa pili wa ghuba, aliyeletwa na dereva wa bodaboda yuleyule wa petroli. J hakushiriki, na hilo msimamizi alilithibitisha kwa daftari la zamu. Lakini alikuwa amejua siku mbili kabla, akanyamaza. Alipoulizwa, jibu lake ni hili: "Ningemtajaje? Alichimba kaburi la baba."

Jamaa alifukuzwa. J alibaki kazini, kwa sababu mama wa dagaa alikwenda mwenyewe kwa shemeji yake na kulipa. Hisa za J ziliisha, na sehemu ya za mama ikaondoka. Mwenye vizimba akatoa kauli moja ambayo inauma mpaka sasa: kutoka mtaa ule hachukui mtu tena.

Kati ya sita, mpaka ninapoandika, J ana kazi, wa daraja amepata kibarua kwenye nyumba inayojengwa Buhongwa, mmoja yuko gerezani, wa spana hajarudi. Wawili bado wapo kando ya kibanda cha kuchajia simu, na mmoja wao ndiye wa mifuko minne.

Uchambuzi

Wazo kwamba mtu humpata mwajiri kupitia watu anaoonana nao kwa nadra si geni. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alilitetea mwaka 1973 baada ya kuwahoji wafanyakazi wa kitaaluma, ufundi na umeneja katika mji wa Newton, Massachusetts. Kati ya waliopata kazi kwa kujuana, karibu asilimia 17 tu walikuwa wakionana mara kwa mara na aliyewasaidia. Asilimia 56 walionana naye mara mojamoja, na 28 kwa nadra sana. Maelezo yake ni kwamba marafiki wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua. Aliye mbali kidogo anatembea kwingine, kwa hiyo analeta jipya. Mwaka 2007 wachumi Antoni Calvó-Armengol, Thierry Verdier na Yves Zenou waliliingiza wazo hilo kwenye hesabu moja pamoja na uhalifu. Katika hesabu yao mtu anaweza kupata habari za kazi au za wizi kutoka kwa mwenza wa karibu au kutoka kwa anayekutana naye kwa bahati, na muda unaotumika na hawa wa pili ukiongezeka, uhalifu hupungua na ajira huongezeka.

Karatasi ya J inakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Kijiwe hakikubadilika tabia siku yule wa daraja alipopoteza kazi. Vijana walikuwa walewale, wenye malezi yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba habari za ajira zilikoma kuingia, huku habari za stoo, za mnunuzi na za zamu ya mlinzi zikiendelea kupita kama kawaida. Mtu mmoja mwenye kazi kati ya sita alikuwa anatosha kufanya Jumamosi jioni iwe ya kuzungumzia nondo. Ndiyo maana mradi mkubwa unapofunga, swali la ni vibarua wangapi wameachishwa halitoshi. Tuulize pia ni vijiwe vingapi vimebaki bila hata mtu mmoja aliye kazini. Nisingeshangaa kukuta hayo yametokea pia kwa waliokuwa wakiuza mahindi na soda foleni za kivuko pale Kigongo kabla magari hayajaanza kupita juu.

Ila nadharia hiyo inaegemea habari, na kwetu habari haikuwa shida kubwa. Mama wa dagaa alikuwa nayo mdomoni. Mwanza ya vibarua, ya maduka ya jumla, ya mialo na vizimba, mwajiri mdogo hasomi vyeti, anauliza "umeletwa na nani?" Aliyekuleta ameweka jina lake, na jina hilo analitumia pia kukopa mzigo, kuozesha binti na kukaa kwenye kikao cha ukoo. Mtu unayeonana naye kwa nadra anaweza kukwambia kazi iko wapi bila gharama yoyote. Kukudhamini kunamgharimu, na kwa kawaida hana sababu ya kufanya hivyo kwa mtu asiye wake. Kwa upande wa wizi, udhamini ni wa bure: kijiwe kilishalipa gharama hiyo kwenye makaburi na ugali wa miaka mingi. Hii ndiyo tofauti niliyoiona kati ya milango ile miwili, na ndiyo inayofanya ushauri wa "tafuteni marafiki wapya" uwe mwepesi kupita kiasi.

Kikoba kilifanya kazi kwa sababu kiligeuza udhamini kuwa kitu chenye kipimo. Mama hakulazimika kuamua kama J ni mwema. Alilazimika kuamua kama yuko tayari kupoteza hisa kadhaa, na kiasi hicho kilijulikana. Pia kilimpa J kitu cha kupoteza ambacho kijiwe hakikuwa na mkono ndani yake. Naliona hili kuwa bora kuliko semina yoyote ya stadi za maisha tuliyowahi kumpeleka kijana.

Kuacha kumkataza kijiwe kulikuwa sahihi kwa miezi ile sita, na bado nasimama hapo. Lakini uzi uleule uliomlisha ndio uliomfunga mdomo siku mbili. Mtu akitaka kumtenga J na deni la kaburi la baba yake hatafanikiwa, wala sidhani kama anapaswa kujaribu.

Palipokatika ni kwenye mnyororo wa majina. Makubaliano yalimhusu J peke yake, ila jina lililokuwa likifanya kazi pale vizimbani lilikuwa la mama wa dagaa. J alipomleta mwenzake, alikopesha jina ambalo si lake, na mwenye jina hakuwepo. Msimamizi naye alikuwa na haraka ya mavuno. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Na hasara haikugawanyika kwa haki: mfugaji aliyenunua mifuko ya wizi hakupoteza kitu, mwizi alipoteza kibarua cha wiki chache, huku waliolipa ni J, mama wa dagaa na vijana wengine wote wa mtaa ule ambao hawakuwahi hata kukiona kizimba.

Neno kuhusu wanunuzi, maana tunawasahau. Mara zote mbili wizi ulifanyika kwa sababu mnunuzi alishakuwepo kabla ya mali. Duka la vipuri na mfugaji wa ng'ambo ya ghuba ndio waajiri wa upande ule, na kila mmoja aliletwa na mtu mmoja tu, anayejulikana. Dereva wa bodaboda alitokea katika matukio yote, kuanzia petroli mpaka chakula cha samaki, na hakuna jalada lenye jina lake. Wakati tunahesabu vijana wa kijiweni, yeye ndiye aliyeunganisha vijiwe na pesa.

Kwenye fomu yetu ya uchunguzi swali la tatu sasa linaulizwa kwa kila kijana, na linachukua muda mrefu kuliko mengine yote. Akina mama wa kikoba wamejiwekea sharti lao: mwanachama anadhamini mtu mmoja kwa wakati mmoja, na aliyedhaminiwa haleti mwingine mpaka hisa za mzunguko mzima zigawanywe Desemba. J ameanza kununua hisa upya. Vijana wawili wa mtaa ule wameomba waingizwe, lakini mwenye vizimba hajabadili kauli, kwa hiyo mama wa dagaa anawatafutia kwa dereva wa lori, yule wa tairi kwenye karatasi ya J.